"Damu yangu imekwenda wapi?"

Mwanamke mmoja alinijia zahanati siku ya kivuko cha asubuhi, kadi yake ya kliniki ameifunga kwenye pindo la kanga. Alikaa, akalifungua lile fundo polepole, akaiweka kadi mezani kisha akaniuliza: "Nesi, damu yangu imekwenda wapi?"

Alikuwa na kijiti cha uzazi wa mpango chini ya ngozi ya mkono kwa miezi minne, na miezi miwili ya mwisho hakuona siku zake kabisa. Mama mkwe wake alikuwa amemwambia kwamba damu inajaa ndani na itageuka uvimbe. Mume alishaanza kuuliza maswali. Aliyemwekea kile kijiti ni mimi, na nakumbuka vizuri nilichomwambia siku ile: "Unaweza kupata mabadiliko kidogo ya hedhi." Basi. Nikamwita mteja anayefuata.

Maneno hayo yalikuwa sahihi, lakini hayakumsaidia chochote. Tangu siku ile nimeamini kwamba mazungumzo kabla ya sindano au kijiti ni sehemu ya dawa yenyewe, na anayeyaruka ametoa nusu dozi. Nawaandikia wenzangu tunaokaa upande huu wa meza, na pia dada na mama wanaokaa upande ule, kwa sababu wana haki ya kujua tunachotakiwa kuwaambia.

Huku Mwanza uzazi wa mpango unazungumzwa kila mahali: saluni, kwenye daladala za Buhongwa, kwa akina mama wanaoanika dagaa. Nusu ya yanayosemwa ni ukweli uliokatwa mkia. Damu kukata kweli hutokea. Mimba kuchelewa baada ya sindano kweli hutokea. Kinachokosekana ni sababu yake, na pasipo sababu mtu hujaza pengo kwa hofu.

Tuanze na majina. Homoni ni ujumbe wa kikemikali unaotumwa na mwili kutoka kiungo kimoja kwenda kingine. Kwenye uzazi wa mwanamke tunashughulika na mbili, estrojeni na projesteroni, na dawa inayoiga projesteroni huitwa projestini. Vidonge vya majira vya kawaida vina homoni mbili, estrojeni na projestini. Sindano ya miezi mitatu, kijiti na vidonge vya mama anayenyonyesha vina projestini peke yake. Kitanzi cha shaba, ambacho wengi wanakiita lupu, hakina homoni yoyote: shaba yake huzifanya mbegu za kiume zishindwe kulifikia yai. Kondomu pia haina homoni, na kufunga kizazi vilevile.

Kazi ya projestini ni kulizuia yai lisipevuke, na kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito kama uji uliolala, mbegu zisipite. Lakini inafanya jambo la tatu, na hapo ndipo lilipo jibu la yule mama.

Waliokulia kwenye nyumba za udongo wanajua kusiriba. Kila mwezi estrojeni inasiriba ukuta wa ndani wa kizazi, tabaka juu ya tabaka, kumwandalia mtoto makao. Mtoto asipotungwa, ule udongo unabanduka na kudondoka. Hiyo ndiyo hedhi. Sasa, projestini ya kijiti au ya sindano inamzuia msiribaji. Udongo haupakwi, au unapakwa mwembamba sana. Kama hakuna kilichopakwa, hakuna cha kubanduka. Damu haijaenda kokote wala haijajificha. Haikutengenezwa.

Mfano huohuo unaeleza malalamiko ya pili, ambayo yanaonekana kama kinyume chake: matone matone yasiyoisha. Udongo mwembamba hupasuka hapa na pale, ukadondosha vipande siku yoyote. Mwanamke asiyeona kabisa na mwanamke anayeona matone siku kumi na tano wanaweza kuwa na kijiti cha aina moja, chanzo kimoja, na wote wakawa wazima.

Kwa hiyo siku hizi sisemi tena "mabadiliko kidogo". Kwa kijiti nasema hivi: damu inaweza kuja siku usizozitarajia, inaweza kuwa matone ya siku nyingi, inaweza kukata kabisa, yote matatu si ugonjwa, na sina namna ya kujua wewe utapata lipi. Kwa sindano: miezi ya mwanzo itakuja ovyo, na kadiri unavyoendelea inaelekea kukata, ukifika mwaka, kutoona kabisa ni jambo la kawaida. Kwa kitanzi cha shaba ni tofauti: damu na maumivu ya tumbo huongezeka miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, kisha hutulia kwa wengi. Kwa vidonge vyenye vile saba vya kahawia mwishoni mwa pakiti, damu itakuja wiki ya vile saba, maana vile ni madini ya chuma tu.

Halafu nauliza swali ambalo halipo kwenye fomu yoyote niliyowahi kujaza: "Damu ikikata, nyumbani watasemaje?" Jibu la swali hilo limenisaidia kuliko kipimo chochote. Kuna mwanamke ambaye kutoona damu ni nafuu kubwa kwake, hasa aliyekuwa akitokwa nyingi hadi kizunguzungu. Kuna ambaye mume wake anahesabu siku, na mwezi ukipita bila kuona anajua moja kwa moja kuna mimba, na ugomvi unaanza. Kuna Mwislamu ambaye matone ya siku ishirini yanamtatiza kwenye swala na funga. Huyo namweleza kitabibu, na namshauri akamuulize mwalimu wake wa dini kuhusu hukumu ya damu isiyo ya hedhi. Wote hawa wanaweza kupewa njia yoyote, lakini wasipoulizwa watakuja kuzitoa ndani ya miezi michache.

Akirudi na matone yanayomsumbua, tusimwambie "vumilia, utazoea" tukamfungulia mlango. Ibuprofen miligramu 800 mara tatu kwa siku kwa siku tano, kama hana vidonda vya tumbo wala sababu nyingine ya kumkataza, huwapunguzia wengi kwa muda. Mtu asiye na kizuizi cha estrojeni anaweza kupewa vidonge vya homoni mbili kwa siku 21. Mpime na upungufu wa damu.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu kuna kosa la upande wa pili ambalo nimeliona likiumiza watu: kulaumu kijiti kwa kila tone. Damu baada ya tendo la ndoa, damu yenye maumivu ya tumbo la chini, uchafu wenye harufu, au kutokwa kunakoanza ghafla kwa mtu aliyetulia na njia yake miaka miwili, hiyo inataka kuangaliwa. Inaweza kuwa maambukizi, mimba iliyotunga nje ya kizazi, au saratani ya shingo ya kizazi. Na kwa mkoa wetu ongeza kichocho. Kichocho cha mwambaoni mwa ziwa mara nyingi ni kile cha tumbo, lakini ukiingia bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga ya Misungwi na Kwimba, kipo kile cha mkojo, na mayai yake huweza kukwama kwenye shingo ya kizazi na ukeni. Mwanamke anatokwa na matone, anaumia kwenye tendo, na wakati mwingine anashindwa kushika mimba. Akiwa na kijiti mkononi, kijiti ndicho kinachohukumiwa. Mlaze kitandani, washa taa, mwangalie.

Hilo linatufikisha kwenye neno linaloogopwa kuliko yote: ugumba. "Sindano inaua mayai." "Kijiti kinakausha kizazi." Hakuna njia ya muda, iwe sindano, kijiti, kitanzi au vidonge, inayomfanya mwanamke kuwa mgumba. Tofauti iliyopo ni ya muda wa kusubiri. Fikiria kikombe cha chai. Ukiweka jani la mchaichai, unaweza kulitoa kwa kijiko, na chai inayofuata haina harufu yake. Ukikoroga sukari, imeshayeyuka. Huwezi kuitoa, utasubiri kikombe kiishe. Kijiti na kitanzi ni jani la mchaichai: kikitoka leo, uwezo wa kushika mimba unarudi mara moja au ndani ya muda mfupi. Sindano ni sukari. Dawa imelala kwenye msuli, inayeyuka kidogo kidogo, na hakuna daktari anayeweza kuichomoa. Kwa wastani mwanamke hushika mimba miezi kama kumi baada ya sindano ya mwisho, wengine mapema zaidi, wengine zaidi ya mwaka.

Ukimwambia hivyo mapema, miezi kumi ni hesabu tu. Usipomwambia, mwezi wa sita anakwenda kwa mganga, na mtaa mzima unajua sindano imemwua kizazi. Kwa hiyo anayesema anataka mtoto mwakani namweleza wazi kwamba sindano haitamfaa, hata kama ndiyo aliyoizoea dada yake.

Sasa nawageukia wenzangu. Kuna maneno tunayoyasema kwa mazoea: "Rudi ukiwa kwenye siku zako." Tunaogopa kumpa dawa mtu mwenye mimba changa, jambo ambalo linaeleweka. Lakini kwa mtu aliyetoka Ukara, aliyelipa nauli ya boti na kuacha mtoto kwa jirani, "rudi" mara nyingi maana yake ni "usirudi", na akirudi anakuja kliniki ya wajawazito. Yapo maswali sita yanayokubalika kimataifa ya kutupa uhakika wa kutosha bila kusubiri damu. Je, amejifungua ndani ya miezi sita, ananyonyesha usiku na mchana bila kumpa mtoto kitu kingine, na hedhi haijarudi? Je, hajakutana na mwanaume tangu hedhi ya mwisho au tangu ajifungue? Je, amejifungua ndani ya wiki nne? Je, hedhi imeanza ndani ya siku saba zilizopita? Je, mimba imetoka ndani ya siku saba? Je, anatumia njia nyingine ya kuaminika, na anaitumia sawasawa? Akijibu ndiyo kwa swali moja tu, na hana dalili za mimba, anza leo. Kama siku zake za hedhi zimeshapita wiki, sindano na kijiti vinahitaji siku saba za kondomu mwanzoni. Kama majibu yote ni hapana, kipimo cha mkojo kipo, na kondomu za kusubiria zipo.

Usalama wa dawa unategemea sana ile homoni ya pili, estrojeni. Madhara makubwa tunayoyaogopa, yaani damu kuganda kwenye mishipa ya miguu au mapafu na kiharusi, yanahusiana na vidonge vyenye estrojeni. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu vidonge vya majira, funga mashine ya presha. Kuanzia 140/90 tafuta njia nyingine. Muulize kama amewahi kuvimba mguu kwa damu kuganda. Muulize kuhusu kipandauso, hasa kile kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Mwenye hicho hapaswi kupewa estrojeni kabisa. Mvutaji sigara mwenye miaka 35 au zaidi, vivyo hivyo. Mama anayenyonyesha asipewe estrojeni mpaka mtoto afikishe miezi sita. Ukimwondolea mtu estrojeni, bado kijiti na kitanzi vinamfaa karibu katika hali zote hizo. Sindano nayo inawafaa wengi wao, isipokuwa presha ikifika 160/100, au kama ananyonyesha mtoto wa chini ya wiki sita. Hapo tafuta kingine.

Na wasichana ambao hawajazaa? Kijiti kinawafaa bila shaka yoyote. Kutozaa si ugonjwa unaozuia dawa.

Dawa nyingine za mteja nazo tuziulize. Anayetumia rifampicin ya kifua kikuu, dawa hiyo inaliamsha ini linasafisha homoni haraka. Vidonge na kijiti vinapungua nguvu, sindano na kitanzi havipungui. Efavirenz, iliyotumika sana kwa VVU miaka ya nyuma, inapunguza nguvu ya kijiti. Dolutegravir, ambayo wengi wamehamishiwa, haina tatizo hilo.

Kuhusu VVU kwenyewe, kwa miaka kulikuwa na wasiwasi kwamba sindano inaongeza uwezekano wa kuambukizwa. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, waliogawanywa kwenye sindano, kijiti na kitanzi cha shaba. Hakukuonekana tofauti kubwa kati ya njia hizo tatu, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaondoa tahadhari iliyokuwepo. Lakini kuna sehemu ya matokeo hayo ambayo haisemwi sana, na kwa watu wa mialoni ya uvuvi inanihuzunisha: katika makundi yote matatu, karibu wanawake wanne katika kila mia waliambukizwa kwa mwaka. Njia inayozuia mimba haizuii virusi. Kondomu iwepo pembeni ya kijiti, na tuseme hivyo bila kumtuhumu mtu ndoa yake.

Wengi wananiuliza ipi ni bora. Kwa nguvu peke yake: katika wanawake 100 wanaotumia mwaka mzima, kama watu wanavyotumia kweli, kijiti na kitanzi hushindwa kwa chini ya mmoja, sindano kwa wanne hivi, vidonge kwa saba, kondomu za kiume kwa 13. Tofauti hiyo haitokani na ukali wa dawa. Inatokana na kusahau. Kijiti hakisahauliki.

Lakini nguvu si kitu pekee ambacho mwanamke anapima. Kijiti kinapapasika chini ya ngozi ya mkono. Anayehitaji siri anapaswa kujua hilo kabla hajanyoosha mkono. Sindano haiachi alama. Uzi wa kitanzi ukimgusa mume unaweza kukatwa uwe mfupi zaidi. Siwahukumu wanaohitaji siri. Sijawahi kulala kwenye nyumba zao.

Na kuna mwezi. Kwenye makambi ya dagaa watu huvua usiku wa giza, taa zikiita samaki. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, na wavuvi hurudi nyumbani kwa siku kadhaa. Mama mmoja aliniambia hahitaji dawa kwa sababu "baba watoto yupo mwezi ukiwaka tu." Alikuwa anakunywa vidonge siku hizo peke yake. Sikumcheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba vidonge hufanya kazi kwa kunywewa kila siku, na kwamba siku chache hazilishiki yai. Kwa mwanamke kama huyo, kidonge cha dharura, kile wanachokiita P2, ni cha ajali, si cha kila mwezi mpevu: kinywewe mapema iwezekanavyo, na mwisho ni siku tano, huku nguvu ikipungua kila siku inayopita. Hakitoi mimba iliyokwisha kutunga.

Jambo moja zaidi kwa wenzangu, nalisema kwa uchungu. Mwanamke akija akisema "kitoeni", kitoeni. Muulize sababu, mpe maelezo, mpe ibuprofen kama ndiyo anayoitaka. Akirudia kusema kitolewe, vaa glavu. Nimewahi kuona mtu aliyezungushwa vituo vitatu, kila mmoja akimwambia muda wake haujaisha. Mwishowe alijaribu kukitoa mwenyewe kwa wembe. Kovu lile lilionwa na kijiji kizima, na hakuna semina itakayolifuta.

Yule mama wa kwanza hakukitoa. Nilimchorea ukuta wa udongo nyuma ya kadi yake, upande mmoja umesiribwa, upande mwingine fito tupu. Aliutazama kwa muda, akaniomba kalamu, akaandika chini yake jina la mama mkwe ili amwonyeshe yeye kwanza.

Siku hiyohiyo jioni alifika mwingine mbio, viatu mkononi, wa sindano. Tarehe yake ilikuwa imepita wiki tatu. Upepo ulichafua ziwa, kisha mtoto akaugua. Alikuwa ameshajiandaa kufokewa. Sindano ya miezi mitatu inaruhusu kuchelewa hadi wiki nne bila kipimo cha mimba na bila kuanza upya. Nilimchoma, nikaandika tarehe mpya, na chini yake nikaandika tarehe ya mwisho kabisa anayoweza kufika. Aliwahi boti.